Mizani Iliyonisifu

Asubuhi ile niliyokuwa mgonjwa kuliko zote maishani mwangu, mizani yangu iliniambia nina mwili wa mwanamichezo. Macho yalikuwa yamevimba hata sikuweza kusoma namba, ikabidi mume wangu anisomee. Naandika haya kwa ajili yako uliyeketi kwenye benchi la kliniki ya figo, karatasi mkononi, ukijiuliza ilikuwaje usijue mapema. Usijilaumu sana. Katika ujinga huo mimi nimekutangulia, na nilikuwa na mashine ya kunisaidia.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaolewa, nikashika sindano. Nashona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono tundu kwa tundu, na kofia haimtaki mtu atoke. Nakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya wakwe zangu hapa Mkomani, Lamu, juu ya mkeka karibu na dirisha, na safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka mkekani hadi jikoni. Majirani husema nikionekana ndiani, yaani njiani, basi kuna harusi au kuna msiba.

Chini aliishi wifi yangu, Bi Dija, dada mkubwa wa mume wangu Shee. Aliachwa na mumewe akiwa bado kijana, akarudi kwao, akaanza kupika mahamri ya asubuhi, na hakuolewa tena. Tulitaniana kwa miaka ishirini na mbili. Kwetu wifi ni mtu aliyepewa ruhusa ya kukutukana nawe ukamjibu, na siku mkiacha, mtaa mzima huuliza kumetokea nini. Yeye aliniita Bi Godoro. Mimi nilimwita Bi Ufito, kwa kuwa alikuwa mwembamba wa kupita kwenye mlango uliofungwa. Hatukukosana hata siku moja kwa majina hayo. Tulikuja kukosana kwa namba.

Namba zilikuja na mizani. Ule mwaka, kabla ya Ramadhani, muuguzi wa zahanati alinipima presha akaniambia nipunguze mafuta mwilini. Nuru, mtoto wa kaka yangu anayeishi Mombasa, aliposikia akaniletea zawadi ya Idi: mizani ya kioo, nyembamba kama sahani, yenye vipande vinne vya chuma vya kukanyagia. Unaipanda bila viatu, nayo inapeleka habari zako kwenye simu. Uzito, mafuta kwa asilimia, maji, misuli, hata umri wa mwili, kana kwamba mwili una cheti chake cha kuzaliwa.

Kabla ya kukubali kunipima, simu iliuliza maswali. Umri, urefu, mke au mume. Mwishoni ikauliza kama mimi ni mwanamichezo. Shee akabonyeza ndiyo. Akasema ushahidi anao: kila mgeni akibisha hodi, mimi hukimbilia chumbani. Tukacheka, tukaiacha hivyo.

Siku hiyo ya kwanza, mchana, mafuta yalikuwa asilimia arobaini na moja. Kesho yake alfajiri nilitia udhu, na nikiwa naelekea kwenye msala nikaiona mizani pale chini, nikapanda na miguu yangu yenye majimaji. Thelathini na nane. Nilisali sala ya furaha siku hiyo. Nilikuwa nimeacha wali wa usiku mmoja tu, na asilimia tatu zimeondoka. Tangu hapo nikafanya ndiyo desturi: udhu, mizani, sala. Kila siku kwa miguu iliyolowa. Hakuna aliyeniambia kuwa miguu mikavu inasema namba yake na miguu iliyolowa inasema namba nyingine, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza. Anayesifiwa haulizi.

Namba ikaendelea kushuka. Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, ilikuwa thelathini na saba. Mfungo Tatu, thelathini na tano. Simu ilinitumia picha ya kikombe cha ushindi na kunieleza kuwa misuli yangu imeongezeka. Misuli, mimi, ninayepumzika katikati ya ngazi. Nikajiambia labda ni ya vidole, kwa kushona.

Na vidole ndivyo vilivyoanza. Subana yangu, ile kofia ndogo ya chuma ya kukingia kidole sindano, ilianza kubana. Nimeitumia tangu ujana. Mtu mwenye akili angejiuliza kidole kimepatwa na nini. Mimi nikanunua subana kubwa.

Halafu pete ikakwama. Halafu soksi zikaanza kuacha mfereji mguuni, na mkojo ukawa na povu kama maji ya kufulia. Asubuhi uso ulikuwa mzito, nikasema nimelala vibaya. Uzito wenyewe ulikuwa ukipanda, kilo baada ya kilo, na mizani ile ile ilikuwa ikiniandikia, juu kabisa, kwa tarakimu kubwa kuliko zote. Katika hilo haikunidanganya hata siku moja. Ni mimi niliyeruka kilo nikaenda kusoma mafuta, kwa kuwa mafuta ndiyo yaliyokuwa yakinisifu. Kilo zinazopanda na mafuta yanayoshuka, nikamweleza Shee, maana yake ni nyama ngumu. Naye, masikini, ni fundi wa milango. Nyama ngumu angeijulia wapi?

Bi Dija alipanda juu siku moja Mfungo Nne, mikono ina unga mpaka kwenye kiwiko. Alikuja kuomba hiliki. Nilikuwa nimenyoosha miguu mkekani nikishona. Akachutama, akatia kidole gumba juu ya mfupa wa mguu wangu, akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo, akatoa. Pakabaki shimo. Tukalitazama wote wawili. Lilikaa pale kama tundu la kitufe.

"Wifi," akasema, "haya si mafuta, ni mai. Donge la mahamri likiwa zima ukilibonyeza linarudi. Hili halirudi. Yeo hii ndoo twende hospitali."

Mai kwetu ni maji, na ndoo ni njoo. Laiti neno hilo lingetoka kwa mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa wifi, na kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kuutaja mwili wangu ila kwa kunicheka. Nikaona huu nao ni utani, tena wa wivu, kwa kuwa namba zangu zilikuwa zinanipeleka kwenye wembamba uliokuwa wake peke yake. Nikamwonyesha simu. Akasema yeye na simu yangu hawajuani, anachokijua ni kidole chake. Hapo nikamjibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naweka sindano chini.

"Kidole chako kikabonyeze unga," nilimwambia. "Mwili wangu una mwenyewe wa kuubonyeza. Wako ndio uliokosa."

Mwanamke aliyeachwa hasemwi hivyo. Hata katika utani kuna mlango ambao haufunguliwi, na sisi wote tunaujua ulipo. Bi Dija aliinuka, akapangusa kidole kwenye kanga, akashuka. Hakuchukua hiliki.

Tulinuniana hadi Mfungo Sita. Hakupanda tena. Ila kila asubuhi Shee alileta mahamri yangu mawili kwenye sahani iliyofunikwa, kama kawaida, na baada ya wiki mbili nikagundua hayakuwa kama kawaida. Yalikuwa hayana chumvi kabisa. Nikasema kumbe ndio anavyonilipiza. Nikayala kwa hasira. Baadaye, hospitalini Mombasa, ndiko nilikojua kuwa mgonjwa wa aina yangu hukatazwa chumvi. Yeye maarifa hayo aliyatoa wapi? Mama yao mzazi alikufa amevimba, na yeye ndiye aliyemuuguza. Shee alikuwa mdogo. Mimi nilikuwa sijaolewa. Katika utani wote ule hakuna aliyewahi kuniambia.

Maulidi yakafika, nyumba ikajaa wageni kutoka Pate na Siyu. Asubuhi ya siku ya pili sikuweza kufumbua macho. Shee akanishika mkono nikapanda mizani, kwa mazoea tu, akanisomea: mafuta ishirini na tisa. Nikajaribu kushuka ngazi kuwasalimia wageni, na ngazi ya nne pumzi ikakatika. Nilikaa pale, nyuma yangu wanawake na masinia ya pilau wanashindwa kupita.

Bi Dija alitokea chini akiwa ameshavaa buibui lake. Langu alikuwa nalo mkononi. Hakutaja kidole, hakutaja donge. Akasema neno moja: "Vaa." Viatu vyangu vyote vilikataa, hivyo akachukua makubadhi ya ndugu yake akanivisha. Hivyo ndivyo nilivyotoka nyumbani, mtu wa ndani, mbele ya wageni wote wa maulidi, na makubadhi ya mume miguuni.

Hospitali ya hapa walipima mkojo wangu, daktari kijana akautazama, akanitazama, akaandika barua ya Mombasa. Boti hadi Mokowe, halafu basi na vizuizi vyake vya polisi. Kila kizuizi abiria hushuka na kitambulisho. Bi Dija alinishikilia kwapani kila mara, na askari mmoja alipouliza mbona uso haufanani na picha, akamwambia, "Mwanangu, uso wenyewe umo humo ndani. Tunaupeleka utolewe."

Sitaeleza figo inavyofanya kazi, wengine watakueleza. Nitakueleza benchi. Benchi la kliniki ni la mbao, limepakwa rangi ya kijivu, na mwisho wake wa kulia umeliwa na migongo ya watu. Utaketi saa moja na nusu asubuhi, utaitwa saa sita. Chukua mto mdogo. Chukua kitu cha mikono. Mimi nilishona kofia moja nzima pale, nikaifumua, nikaishona tena. Mtu wa kushoto kwako atakuwa ameanza matibabu kabla yako na atakutisha. Usimsikilize mpaka umuulize anaumwa nini; wangu alikuwa anaumwa mgongo, amekosea mlango.

Walinilaza kifudifudi wakatoa kipande cha figo kwa sindano ndefu. Ndugu hawaruhusiwi kuingia. Nilipotolewa nje juu ya kitanda cha magurudumu nilimkuta Bi Dija amesimama pale pale nilipomwacha, ameyakumbatia yale makubadhi kifuani kama mtoto.

Wodini kulikuwa na muuguzi, Sista Mwende, mtu wa bara, anayeongea haraka. Kila asubuhi alinipima kilo, kwa mizani ya chuma ya kizamani isiyojua kusifu. Nilimhadithia habari ya mizani yangu nikidhani atastaajabu. Akacheka mpaka akaegemea kitanda.

"Hiyo mashine haionangi mafuta, mama," akasema. "Inatuma stima, umeme kidogo, kwa mguu mmoja itokee mguu ule mwingine, halafu inabahatisha. Maji yanapitisha stima. Sasa ikikuta mtu amejaa maji, inafikiria ni misuli tupu. Wewe ulikuwa unazama, yenyewe inakupigia makofi."

Bi Dija alikuwa anamenya chungwa. Nilingoja aseme chochote. Alikuwa na haki ya kunicheka mpaka kiyama. Akanipa kipande cha chungwa.

Siku hiyo nilijaribu kumwomba radhi. Nilianza mbali, nikasema lile neno nililosema siku ya hiliki. Akanikatiza: "Kunywa dawa, wifi. Maneno yana chumvi, nawe umekatazwa."

Nilikojoa kilo kumi na moja kwa siku kumi na sita. Ndiyo, nilihesabu, mtu akizoea namba haachi. Maji yalipotoka yaliacha ngozi inaning'inia miguuni kama soksi za kuazima. Kisha dawa zikaanza kazi yake nyingine. Uso ukawa duara la mwezi. Ndevu mbili zikaota kidevuni, na Bi Dija alizing'oa kwa uzi kila Ijumaa. Nilikuwa na njaa ya mtu aliyetoka kuvunjikiwa na chombo, nikalia kwa ajili ya ndizi. Nilipotoka wodini tulikaa Mombasa kwa Nuru miezi yote iliyobaki, mpaka Rajabu na Shaabani zikapita. Ramadhani ilipoingia, Bi Dija alifunga na mimi sikufunga, akawa ananipikia chakula kisicho na chumvi ambacho hawezi hata kukionja. Wateja wake wa mahamri huku Lamu walishahamia kwa mwingine. Shee alipiga simu akilalamika kuwa anakula mkate wa dukani. Dada yake akamwambia afe basi, tutakuja kumzika.

Tulirudi Idi, mwaka mzima tangu mizani iingie nyumbani. Mkojo ulikuwa safi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitoa mizani chini ya kitanda na kuihoji. Asubuhi moja nilipanda mara tano. Miguu mikavu, arobaini na mbili. Baada ya udhu, thelathini na nane. Baada ya kujipaka mafuta ya nazi kwenye nyayo, arobaini na tano. Baada ya kunywa chai na kukaa, arobaini na moja. Nikaenda kwenye maswali ya simu, nikakiri kuwa mimi si mwanamichezo, ikaruka hadi arobaini na sita. Mtu mmoja, asubuhi moja, hajaongeza wala kupunguza hata tonge. Nikamwita Bi Dija apande naye. Akasema, "Mimi na mashine yako hatusemezani."

Basi nakuambia wewe mwenye mizani kama yangu: usiitupe. Kilo ziamini, hasa zikipanda ghafla. Namba ya mafuta isome kama unavyosoma bahati yako kwenye gazeti, ukatabasamu, ukaendelea na kazi. Ukitaka kuitazama, basi iwe saa ile ile, miguu hali ile ile, na utazame miezi, usitazame siku. Na kila asubuhi bonyeza mguu wako juu ya mfupa, kisha ungoje.

Ningependa simulizi iishie hapo.

Kusi ya mwaka huo ilipoingia, Bi Dija alianza kuvaa soksi jikoni. Mtu aliyepika mahamri miguu mitupu tangu nimjue. Nilimuuliza, akasema kusi, baridi. Nikamwambia huo ni uzee, Bi Ufito amekuwa Bi Soksi. Akacheka. Akaanza kupumzika ngazi ya tatu akipanda kwangu. Nikamwambia apige hodi mapema ili afike kabla ya adhuhuri. Akacheka tena. Alikuwa amenenepa uso kidogo, na mimi nilimpongeza. Nilisema hatimaye mahamri yameanza kumkaa mwilini. Haya yote niliyasema kwa mdomo wangu huu, mimi niliyetoka kulazwa kwa maradhi hayo hayo. Miguu yangu nilikuwa naibonyeza kila siku. Yake sikuibonyeza hata mara moja. Kati yetu yeye ndiye aliyekuwa mtazamaji na mimi ndiye mtazamwa, na sikupata kufikiri kwamba zamu inaweza kugeuka.

Alianguka asubuhi ya Jumatano kabla hajakata donge. Shee alimkuta karibu na jiko. Roho ilikuwa imeshatoka, hakukuwa na wa kupelekwa hospitali. Nilipofika chini nililiona donge, limeumuka mpaka limepanda juu ya bakuli na kumwagikia mezani, nikaanza kulirudisha ndani kwa mikono, nalirudisha linamwagika, mpaka jirani mmoja akanishika mabega akanitoa.

Anazikwa baada ya alasiri, wakasema. Bi Amina, mwosha maiti wa mtaa wetu, akauliza nani wa nyumbani ataingia naye. Mimi huwa siingii popote. Nikasema mimi.

Maiti hutiwa udhu kabla ya kuogeshwa. Nilipewa birika. Bi Amina aliosha uso, akaosha mikono, nami nikamimina. Tulipofika miguuni akavua soksi zile, na alama za soksi zikabaki. Akanitazama, akaniambia kwa upole jambo ambalo huwaambia wote wanaoingia na yeye: aonacho mwosha hukaa na mwosha. Nikamwambia nimesikia.

Kwa hiyo sisemi nilichokiona. Nasema tu kwamba niliweka birika chini. Miguu yake ilikuwa imelowa maji ya udhu, kama yangu ilivyokuwa kila alfajiri nilipopanda kwenda kusifiwa. Nikatia kidole gumba juu ya mfupa, pale pale alipotia chake kwangu, nikabonyeza, nikatoa. Nikangoja.

Bi Amina aliniachia muda. Kisha akasema, "Mimina, mwanangu, jua linakwenda." Nikachukua birika, nikammiminia.